Kuhusu mechi ya Jumamosi

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni walimu na wazazi.

Nimesoma yote mliyoandika tangu juzi. Wapo wanaotaka shule binafsi zitolewe UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, zicheze kivyao. Hapana. Nao ni watoto wa Mtwara, na timu ya mkoa huchaguliwa kwa uwezo, si kwa ada. Fainali za taifa tulizipokea hapa 2019 na 2021, tunajua inavyotakiwa.

Ila lalamiko la usajili ni la kweli, sitalifunika. Shule binafsi kumchukua mshambuliaji wa shule ya kata wiki tatu kabla ya mashindano kwa ahadi ya kumsomesha bure ni kubomoa timu ya mwenzako. Jumamosi nilimwona beki wetu wa kushoto kafunga soli ya kiatu kwa kamba, anamkaba kijana aliyekuwa akikaa naye dawati moja mwezi uliopita. Filimbi ya mwisho ilipolia walikumbatiana. Waliotukanana ni sisi watu wazima pembeni.

Kikao Alhamisi saa 10 jioni, nje ya uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kila shule, ya serikali na binafsi, ije na rejista na barua za uhamisho. Mwenye viatu vya mpira namba 40 hadi 42 asivyovitumia, tafadhali avilete.