Mbona Kushoto kwa Moyo Kuko Kulia Kitabuni?

Walimu wa Baiolojia mnalijua swali hili: kwa nini ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu) imechorwa upande wa kulia wa picha? Jibu ni jepesi: mwenye moyo anakutazama uso kwa uso, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Kazi ni kulielewa. Wengi wa kidato cha tatu hukariri tu, na mchoro ukigeuzwa kidogo kwenye mtihani, wanapotea.

Ndiyo maana tunakuja shuleni na miwani ya VR (uhalisia pepe). Ukiivaa, moyo unaelea mbele yako, mkubwa kuliko kichwa chako, nawe unauzunguka kwa miguu yako mwenyewe. Ukifika nyuma yake, kushoto kwake na kushoto kwako vinakuwa upande mmoja, na ubishi umekwisha. Chungulia ndani, utaona ukuta wa ventrikali ya kushoto ulivyo mnene kuliko wa kulia. Hapo mwalimu anadakia: ya kulia inasukuma damu hadi kwenye mapafu tu, hapo jirani, ya kushoto inaifikisha mpaka kidole gumba cha mguu.

Bila mwalimu, miwani hii ni mchezo tu. Na kama bajeti ni finyu, anzeni na moyo wa mbuzi kutoka buchani (mwambieni muuzaji mapema, maana huenda umeshachanjwa na mkaguzi wa nyama). Unene wa ukuta ule mtaushika kwa vidole, jambo ambalo miwani haiwezi.

Programu imeshapakuliwa, kwa hiyo darasani hatuhitaji intaneti. Umeme ukikatika, betri inakaa saa mbili hivi. Kila mwanafunzi anavaa kama dakika kumi. Umeme ukiwepo, wenzake wanafuatilia kwenye projekta. Ushungi si tatizo, mikanda inakaa juu yake.

Wapo wanaopata kichefuchefu, kwa sababu macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halihisi. Akivua na kukaa kidogo, kwa kawaida hali hutulia. Mwenye kifafa asivae kabisa. Wazazi watuambie mapema.

Mtwara Mjini na Mikindani hatutozi nauli. Newala, Masasi na Lindi tunaelewana kwanza. Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani, hatupokei maombi. Mkituandikia, tajeni mada ya wiki hiyo, maana tukija na mifupa wakati ninyi mko kwenye damu, tutakuwa tumepotezeana muda.