Vinundu kwenye Mche wa Mvule, na Kwa Nini Hatuuzi kwa Bei ya Mkaratusi

Tangu mvua za masika zilipokatika, wateja watatu wamerudi kitaluni kwetu Buhongwa, Mwanza, na lalamiko lile lile, na wa tatu alikuja na ushahidi: ncha ya mche wa mvule iliyofungwa kwenye gazeti, imevimba kiasi cha ndimu ndogo, akasema mbele ya wateja wengine kwamba tumemuuzia miche yenye ugonjwa. Kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kufika mbali kuliko miche yenyewe, tunaona ni haki yetu kueleza kinachotokea.

Tulimwomba mzee huyo aketi, tukakipasua kinundu kile kwa wembe juu ya meza ya kujazia viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Utomvu mweupe ulichuruzika mara moja, kama ilivyo kawaida ya mvule na jamaa zake wote, wakiwamo mforosadi na mkuyu. Ndani ya nyama ile ya kijani kulikuwa na vishimo, na katika kila kishimo mdudu mchanga aliyepauka, mdogo kuliko ufuta. Wataalamu wa misitu wanamwita Phytolyma. Mama yake ana mabawa, ni mdogo kuliko punje ya mchele, na hutaga kwenye machipukizi na majani machanga ya mvule. Mayai yakianguliwa, watoto hupenya kwenye chipukizi, nalo huvimba na kuwafunika ndani ya siku chache. Wakikomaa kinundu hupasuka, wao huruka kwenda zao, na jeraha wanaloliacha huingiwa na kuvu, ncha ikaoza na kukauka. Mche uliopoteza ncha hutoa matawi mengi ya pembeni, hayo nayo hushambuliwa, na baada ya miaka miwili mwenye shamba anabaki na kichaka kisichofika magotini.

Miche ya mzee yule iliondoka kwetu bila kinundu hata kimoja, na hilo tunalisema bila kusita, kwa sababu kila mche hukaguliwa ncha kabla ya kupakiwa, na wenye dalili hukatwa na kuchomwa moto. Tatizo lilianzia shambani kwake, upande wa Misungwi. Alinunua miche 60, akafyeka kila kichaka, akang'oa hata migomba michache iliyokuwepo, kisha akaipanda yote kwa mstari juani, kama mtu anayepanda mikaratusi. Mvule ni mti wa msitu wa mvua, ijapokuwa huota pia katika misitu mikavu kiasi, kuanzia Afrika Magharibi hadi Msumbiji, na porini hukuti miche yake ikiwa 60 mahali pamoja. Huota mmoja hapa na mwingine mbali, na mdudu yule hula jamii ya mvule tu, kwa hiyo miche iliyotawanyika na kufichwa na mimea mingine humpa kazi ya kuitafuta. Ukiikusanya juani peke yake, umemwandalia karamu.

Ndiyo maana tunamwambia kila mnunuzi apande mivule michache kwa ekari, katikati ya migomba au migrevilea, chini ya kivuli chepesi kwa miaka ya mwanzo, na kivuli kipunguzwe kadiri mti unavyopanda, kwa kuwa mvule mkubwa hutaka jua kamili. Ushauri huu ni wa bure, nao ndio unaopuuzwa kuliko wote. Jambo la udongo tutalisema kwa ufupi: mbuga, yaani udongo mzito wa mfinyanzi unaosimamisha maji, haifai; luseni, yaani udongo wa kichanga, yenye kina inafaa ukiongeza samadi.

Sasa bei. Mkaratusi tunauza shilingi 500 na mvule 4,000, na wapo wanaotuita wezi kwa sababu hiyo. Mvule una miti dume na miti jike. Dume hutoa vishada vyembamba vinavyoning'inia kama mikia, na upepo huchukua chavua yake kuipeleka kwa jike, ambaye ndiye pekee anayezaa. Kwa hiyo mkusanyaji wetu wa mbegu upande wa Kagera anaweza kutembea siku nzima akakutana na miti mikubwa isiyo na faida kwetu hata kidogo, na akiupata mti jike hushindana na popo, ambao hupenda sana tunda lile na ndio wanaotawanya mbegu zake. Tunda huiva likiwa bado kijani, nene kama kidole gumba, na mbegu zilizomo zina urefu wa milimita mbili hivi. Tunaliloweka, tunalifikicha, tunaosha mbegu kwenye chujio na kuzianika kivulini, kisha tunazisia upesi, maana nguvu ya kuota hupungua haraka zikikaa. Mama mmoja wa Kisesa aliwahi kuona tunamlangua, akajinunulia mbegu kwingine, akaziweka kabatini akingoja vuli ya mwaka uliofuata, na hakuota hata mche mmoja. Zinazoota huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu, nyuzi tupu zinazoweza kulala kwa tone moja la maji, na kijana anayezihamishia kwenye viriba hutumia kijiti kwa sababu vidole ni vinene mno. Baada ya hapo kuna neti ya kivuli, kukata mizizi inayotoboa kiriba, na ukaguzi wa ncha kila asubuhi. Atakayetuonyesha namna ya kufanya hayo yote kwa shilingi 500 tutamwajiri.

Yupo pia aliyetuuliza kwa nini hatumchagulii miche jike. Hakuna anayeweza kuitambua kwa macho kabla haijatoa maua, na anayekuahidi jike kitaluni anakudanganya.

Udanganyifu mwingine ndio uliotuuma zaidi. Mteja wetu wa Sengerema alipunguziwa bei na muuzaji wa barabarani, shilingi 1,000 kwa mche wa "mvule", akachukua 40. Utomvu ulikuwa mweupe, majani yalikuwa na meno pembeni kama yalivyo majani ya mvule mchanga, akaridhika. Baada ya mwaka na kitu mivule yake ikazaa forosadi, na tunaambiwa watoto wa jirani walifurahi sana. Mforosadi huota kwa kuchomeka kijiti ardhini, na ndiyo sababu ya bei ile. Angegeuza jani akalitazama asingenaswa: la mforosadi lina mishipa mikubwa mitatu inayoanzia pamoja kwenye kikonyo, ilhali la mvule lina mshipa mmoja wa kati wenye mishipa mingi ya pembeni iliyojipanga sambamba, na likiwa changa hukwaruza kidole. Alirudi kwetu kununua upya, akiwa amelipa mara mbili na kupoteza misimu miwili ya mvua.

Mzee wa Misungwi hatukumrudishia fedha, ila tulikwenda shambani kwake na mkasi. Tulikata vinundu vyote kabla havijapasuka, tukavichoma, tukamwachia chipukizi moja lililo wima kwa kila mche, kisha tukamshauri arudishe migomba. Miche 23 ilikuwa hai tulipopita tena. Mingine atainunua kwa nusu bei akishapata kivuli, na tumekubaliana isizidi kumi.

Miche ya msimu huu itatoka kitaluni mvua za vuli zikishalowesha udongo vizuri. Anayetaka zaidi ya 20 kwa ekari tutamwomba kwanza atueleze anaipanda pamoja na nini.