Kibali cha sherehe kitaje saa, spika na upande zinakoelekea

Ndugu Mhariri,

Katika mitaa ya Ngamiani, tangu zile barabara za namba hadi Makorora na Mwanzange, turubai likishafungwa katikati ya njia Jumamosi asubuhi, kila jirani anajua usiku utakuwaje. Na mara nyingi mwenye shughuli anacho kibali mkononi. Ni hicho kibali ninachoomba tukizungumze, maana malalamiko ya kelele hapa Tanga yanakwama kwenye karatasi ile, wala si kwa kukosa sheria.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zikaweka viwango kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mchana unahesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Baada ya hapo ni usiku. Hospitali na maktaba: 45 mchana, 35 usiku. Nyumba za kuishi tu: 50 mchana, 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 na 45. Makazi yenye viwanda vidogo: 60 na 50. Eneo la viwanda: 70 na 60.

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye makundi hayo. Jirani analalamika akiwa na 35 kichwani, mwenye baa anajibu kwamba mtaa una maduka, mgahawa na saluni, kwa hiyo uhesabiwe kuwa mchanganyiko. Kwa sehemu kubwa ya Ngamiani hoja yake ina uzito, na mlalamikaji asipoteze nguvu kubishana nayo. Akubali 45, kwa sababu hata hiyo 45 muziki wa baa ya wazi unaizidi. Raskazone karibu na hospitali ya Bombo habari ni nyingine kabisa: wodi zina kiwango chao, 35 usiku, na burudani ya jirani haiwezi kukibadilisha.

Tuziweke namba hizi kwenye maisha. Watu wawili wakizungumza kawaida, wamekaa umbali wa mita moja, sauti yao ni kama desibeli 60. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti inapungua desibeli 6. Spika inayotoa 100 ukisimama mita moja mbele yake itatoa 94 kwa mita mbili, 88 kwa mita nne, na 82 kwa mita nane, ambapo ni kwenye baraza ya nyumba ya pili. Ili ishuke hadi 45 inahitaji zaidi ya nusu kilomita ya uwazi. Na mitaa yetu haina uwazi huo: kuta za pande mbili zinairudisha sauti barabarani, na usiku ardhi ikishapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea angani. Ndiyo maana muziki uliovumilika saa 11 jioni unaingia chumbani saa 6 usiku hata kama hakuna aliyeongeza sauti.

Kuna jambo ambalo wapiga muziki wengi hawalizingatii. Mtendaji akija kuomba wapunguze, wanazima spika moja kati ya mbili na kusema wametii. Kuzima moja kati ya mbili zinazolingana kunapunguza desibeli 3 tu, na ndani ya nyumba tofauti hiyo haisikiki sana. Kinachotakiwa ni kushusha kwenye mixa, na kwanza kabisa kukata besi. Wimbi la besi la mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, ni refu kuliko upana wa chumba. Halizuiwi vya kutosha na ukuta wa tofali wala dirisha lililofungwa, linazunguka nyumba na kutokea uani. Sauti ya mwimbaji inayosikika kwa mbali ni nyembamba. Kinachomwamsha mtoto ni ule mdundo unaofanya bati liimbe na vikombe vya kabatini vigongane. Ukitaka kuujua bila kifaa chochote, weka ndoo ya maji juu ya stuli chumbani na uangalie uso wa maji. Yakitetemeka kwa mapigo, besi imeshaingia ndani ya jengo.

Sabufa, yaani spika ya besi, ikiwekwa chini kwenye pembe ya kuta mbili, besi inaongezeka yenyewe bila amplifaya kuguswa. Isogezwe mita kadhaa kutoka ukutani. Spika za juu zielekezwe kwa wageni walioketi, zikiinamishwa kidogo kuelekea chini, zisitazame urefu wa barabara. Ni afadhali spika nne ndogo zilizokaa karibu na viti kuliko mbili kubwa zilizopandishwa mwanzo wa turubai ili zimfikie aliyekaa nyuma, kwa sababu huyo wa nyuma akisikia vizuri, nyumba kumi za mbele yake zimeshaumia.

Sasa nirudi kwenye kibali. Vibali vingi vinataja jina la mwombaji, tarehe, aina ya shughuli, na pengine saa ya mwisho. Vinanyamaza kuhusu spika. Matokeo yake polisi wakifika saa 7 usiku hawana cha kulinganisha: mwenye shughuli anaonyesha mhuri, DJ anapunguza, gari likiondoka sauti inarudi. Naiomba Halmashauri ya Jiji na watendaji wa kata waongeze mistari minne tu kwenye fomu ile. Saa ya kushusha sauti, yaani saa 4 usiku, na saa ya kuzima. Idadi ya spika, sabufa zikitajwa peke yake. Upande zitakakoelekea. Na jina na namba ya simu ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia DJ apunguze, atakayepokea simu usiku kucha. Asiwe bwana harusi, wala asiwe mama wa mwari. Hao usiku huo hawashiki simu.

Fomu ikishakuwa hivyo, ukaguzi ni mwepesi. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aende saa 10 jioni, wakati DJ anajaribu vyombo, asimame kwenye mlango wa jirani aliye karibu zaidi badala ya kusimama chini ya turubai. Kama hapo inabidi apaaze sauti ili mtu wa mita moja amsikie, irekebishwe palepale, kabla wageni hawajaketi. Ukimwambia mtu apunguze wageni wakiwa wameshaanza kucheza unamwaibisha mbele za watu, na aliyeaibishwa hapunguzi.

Haya ninayosema hayana lengo la kuzima ngoma. Baikoko ni ya Tanga hii hii, na harusi ya Kiswahili bila ngoma haijanoga. Lakini kigodoro cha kukesha hadi alfajiri kwa amplifaya, katika mtaa wenye wazee, wachanga na wagonjwa, kimezidi. Tena Septemba darasa la saba wanapofanya mtihani, na Novemba kidato cha nne, ningependa kata zisitoe kabisa vibali vya kupita saa 4 usiku siku zinazotangulia siku ya shule.

Kwa wanaolalamika, kosa kubwa ni kupeleka jambo kwenye meza isiyo yake. Sherehe ya usiku mmoja ni ya mtendaji wa mtaa, mwenyekiti na polisi kata, na dawa yake inapatikana mchana turubai linapofungwa. Ukiipeleka Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, itakuwa imeshapita kabla barua haijafunguliwa. Kinachojirudia kila wiki, kama baa, ukumbi, karakana ya mageti au mashine ya kusaga, hicho ndicho cha afisa mazingira wa Jiji na afisa biashara, kisha NEMC. Kumpigia polisi kila Ijumaa kwa ajili ya baa hiyo hiyo kunachosha pande zote na hakuachi kumbukumbu yoyote.

Kumbukumbu ndiyo inayofanya kazi. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila usiku: tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, umbali wa hatua kutoka dirishani kwako, na nani ndani ya nyumba hakulala. Simu yenye programu ya kupima desibeli inasaidia, ingawa haichukui nafasi ya kipimo rasmi. Simama nje ya dirisha la chumba cha kulala, simu ikiwa urefu wa kifua, mbali na ukuta kwa hatua tatu au nne, usiizuie maikrofoni kwa kidole, na uchukue wastani wa dakika 15, si ile namba ya juu iliyoruka mara moja bodaboda ilipopita. Kisha pima tena muziki ukiwa umezimwa. Umeme ukikatika ni nafasi nzuri sana, alimradi jenereta haijawashwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikifika desibeli 10 au zaidi, hakuna atakayedai kuwa ulipima mbwa na magari. Fahamu tu kwamba maikrofoni ya simu haisikii besi vizuri, kwa hiyo mara nyingi muziki wenye besi nyingi utasoma pungufu kuliko ulivyo.

Barua isainiwe na kaya tano au zaidi, pande tofauti za chanzo. Ya mtu mmoja husomwa kama chuki ya majirani. Ielekezwe kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa mazingira, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri ule, miezi miwili baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba iliwahi kuletwa. Leseni ya vileo inapokuja kuhuishwa, barua hiyo yenye mhuri ipelekwe kwa afisa biashara, kwani ni wakati huo mwenye baa anapokuwa tayari kujenga ukuta au kuhamishia spika ndani. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo inatambua kero kwa umma kuwa ni kosa, lakini polisi wanahitaji walalamikaji wanaojitokeza kwa majina yao.

Karakana na mashine za kusaga hazina ugumu sana: zifanye kazi mchana, mashine ikae juu ya raba nene badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye sakafu iliyoungana na nyumba, na jenereta ijengewe ukuta wa tofali usiogusana nayo, bomba la moshi likitazama juu.

Nyumba za ibada tuziendee kwa adabu, lakini tuziendee. Adhana ni dakika chache na mji huu umeamka nayo miaka yote. Darsa na mkesha ni saa nyingi. Hizo zitumie spika za ndani, milango ikifungwa baada ya saa 4 usiku. Vipaza vya juu ya paa vikiinamishwa kuelekea mtaa wenyewe, sauti ndogo inatosha, na mtaa wa tatu hausumbuki.

Ombi la mwisho kwa watendaji ni dogo na halina gharama. Nakala ya kibali ibandikwe kwenye nguzo ya turubai, upande wa barabarani, kabla ya saa 6 mchana, namba ya simu ikiandikwa kwa kalamu nene, ili jirani apige huko kwanza kabla ya kupiga polisi.

Wasalaam,

Mkazi wa Ngamiani, Tanga