Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: matembezi ya mgonjwa yaandikiwe dozi

Mheshimiwa Waziri,

Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali huwa na majina ya dawa, miligramu na saa za kumeza. Chini kabisa, nafasi ikibaki, huandikwa maneno mawili: fanya mazoezi. Mgonjwa mmoja huenda nyumbani akalala miezi miwili kwa kuogopa kuushtua moyo. Mwingine hupanda kilima siku ya tatu ili majirani waone amepona. Wote wawili wametii maagizo, kwa sababu maagizo yenyewe hayakusema kitu.

Sisi tunaofanya kazi ya utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa arudishe nguvu na uwezo wake baada ya kuugua, tunaomba jambo moja. Matembezi ya anayepata nafuu, hasa yale ya njia za mashambani ambako watu wengi hupenda kwenda kutafuta nguvu, yaandikwe kama dawa inavyoandikwa: kiasi gani, mara ngapi, wapi, na dalili zipi zikitokea asimame. Na yaandikwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kwa kuzingatia maisha anayoishi kweli.

Kitanda nacho kina gharama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10, wakapoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Aliyetoka kwenye nimonia au upasuaji wa tumbo ana homa, hali chakula vizuri, na misuli yake huyeyuka upesi zaidi. Lakini katika familia nyingi kumuuguza mtu ni kumfanyia kila kitu, na anayemwacha mgonjwa ainuke mwenyewe huonekana amemtelekeza. Kwa hiyo maagizo ya kutembea yakitolewa kwa mgonjwa peke yake yamepotea. Anayemuuguza ndiye wa kuambiwa, mbele ya mgonjwa, kwamba kazi yake sasa ni kumsindikiza.

Kuhusu kiasi: kwa aliyepata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa moyo bila matatizo ya ziada, mwanzo wa kawaida ni dakika 5 hadi 10 kwenye tambarare, mara mbili au tatu kwa siku. Kisha huongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, mwili ukikubali, mpaka baada ya wiki 6 hivi aweze dakika 30. Kinachoongezwa kwanza ni muda, halafu mwendo, na mwinuko huja mwisho. Kipimo cha ukali ni mdomo wake mwenyewe: aweze kusema sentensi nzima, asiweze kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha. Tunasisitiza kipimo hiki kwa sababu bado kuna vituo vinavyompa kila mgonjwa lengo la mapigo ya moyo, ilhali wengi wao wanameza dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuchoka hoi huku mapigo yake hayajakaribia lengo, naye akaendelea kujilazimisha.

Dalili za kusimama ziwe chache na zieleweke: mbano au maumivu ya kifua, mkono au taya, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, jasho baridi. Mwenye dawa ya kuweka chini ya ulimi akae kwanza ndipo aiweke, kwa sababu inashusha presha na aliyesimama anaweza kuanguka. Maumivu yasipotulia ndani ya dakika 5, ni gari la wagonjwa, si kujikongoja hadi nyumbani. Na kuna dalili inayoonekana kwenye mizani: mwenye moyo dhaifu akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na matembezi hayataiondoa hali hiyo. Arudi kliniki.

Huwezi kuandika dozi bila kupima. Kipimo cha kutembea dakika 6 hakihitaji mashine kubwa: korido tambarare ya mita 30, koni mbili, saa, kiti, na mashine ya presha. Mgonjwa hupumzika dakika 10, kisha hutembea kwenda na kurudi kwa mwendo wake, nasi tunaandika mita. Pamoja na urahisi huo, kinaharibiwa kila siku. Korido ya mita 12 humfanya mgonjwa ageuke mara nyingi na kupoteza mita, halafu akipimwa miezi miwili baadaye kwenye korido ndefu anaonekana amepona kumbe amebadilishiwa ukumbi. Mpimaji anayetembea mbele yake humvuta. Anayeshangilia humwongezea mita. Na kipimo cha pili karibu kila mara hutoka kirefu kuliko cha kwanza kwa sababu ya mazoea, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2014 unataka vipimo viwili. Tofauti ya chini ya mita 30 hivi tusiihesabu kuwa maendeleo. Aliyepata maumivu mapya ya moyo mwezi uliopita, au ambaye mapigo yake akiwa amekaa yanazidi 120 kwa dakika, asipimwe siku hiyo bila daktari kumwangalia.

Sasa kifaa cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni. Kimesambazwa kila mahali tangu janga la UVIKO-19, na wahudumu wanakiamini kupita kiasi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwapa asilimia 92 hadi 96, damu iliyochukuliwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ilionyesha oksijeni chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya vipimo vya Weupe. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri usomaji. Ukiongeza kidole cha baridi, hina au rangi ya kucha, hesabu huharibika zaidi. Mheshimiwa, nchi yoyote yenye wagonjwa wa rangi mbalimbali inayoweka kizingiti kimoja cha namba kwa wote imeshaamua nani atakosewa. Tunataka mwongozo useme wazi: namba nzuri haitoshi, mgonjwa akihema, midomo ikibadilika rangi au akichanganyikiwa, tunamwamini mgonjwa.

Njia yenyewe ni sehemu ya dozi. Kosa kubwa la matembezi ya mashambani ni mzunguko mmoja mrefu. Aliyefika katikati hana njia ya mkato, na nguvu alizotumia kwenda hazipo za kurudi. Afadhali mizunguko midogo ya mita 200 au 300 inayorudi palepale, au njia ya kwenda na kurudi ambayo mgonjwa hugeuka akiwa ametumia theluthi moja ya nguvu zake. Kuwe na kiti kila mita 50 katika sehemu ya wanaoanza. Mwinuko usizidi mita 1 kwa kila mita 20 za urefu. Mteremko nao usidharauliwe: pumzi haikati, lakini misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia, na maumivu huja kesho yake au kesho kutwa, wakati mtu ameshasahau alipita wapi. Aliyepata kiharusi na ncha ya mguu wake hudondoka hukwama kwenye mizizi na mawe madogo, si makubwa, makubwa huyaona. Fimbo ishikwe upande wa mguu wenye nguvu, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono mtu akisimama wima, na mpira wa chini ubadilishwe ukilika hadi kuwa laini. Aliyepasuliwa mfupa wa kifua asijivute kwa mikono kuvuka ua au lango mpaka daktari athibitishe mfupa umeunga.

Na choo. Wanaomeza dawa za kutoa maji huacha dozi ya asubuhi siku ya matembezi ili wasiaibike njiani, wala hawamwambii mtu. Kituo kimoja cha choo mwanzoni mwa njia, na ruhusa ya daktari ya kusogeza saa ya dawa, huokoa watu wengi kuliko mabango yenye picha za maua.

Kwenye lugha tunakosea kwa njia zinazojulikana. Mtoto wa miaka 11 anatafsiri maelezo ya ugonjwa wa mama yake; ya aibu anayaruka, ya kutisha anayapunguza. Mkalimani aliyefunzwa apatikane hata kwa simu siku ya kuruhusiwa, na mwisho mgonjwa asiulizwe "Umeelewa?" kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Aambiwe: "Nionyeshe utakavyofanya kesho asubuhi, na utafanya nini kifua kikibana." Asiyesoma apewe sauti iliyorekodiwa. Asiye na saa apewe alama: tembea naye mara moja, pima dakika 8 zinaishia wapi, mwambie ni kwenye ule mti, kisha rudi. Maneno ya kipimo cha dakika 6 yatafsiriwe mara moja kitaifa na kurekodiwa, maana kila muuguzi akijitafsiria yake, mmoja anasema "tembea", mwingine "kazana", na mita zao hazilingani.

Kuhusu desturi, ombi letu ni dogo: watumishi waulize, wasibuni kwa kutazama jina au vazi. Unaweza kutembea na nani? Saa zipi haziwezekani? Je, unafunga? Mwanamke asiyeweza kutembea na wanaume wageni akipewa kundi lenye kiongozi mwanamke atakuja. Asipopewa, ataandikwa "mtoro". Anayefunga huku anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asipangiwe matembezi marefu ya alasiri. Yasogezwe baada ya kufuturu, na ajue kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita anapaswa kufungua hapo hapo. Aliyekimbia vita anaweza kuiona njia tupu yenye vichaka kuwa mahali pa hatari, na kiongozi aliyevaa sare kuwa hatari zaidi. Mwenye ugonjwa unaonyanyapaliwa hataki kundi la kliniki lipite mbele ya nyumba yake. Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti kubwa, ila linahitaji mtu wa kuuliza.

Wapo pia ambao dozi yetu ya kuongeza kila baada ya siku chache inawaumiza. Baada ya UVIKO-19 na maambukizi mengine, baadhi ya watu hujisikia vizuri wakati wa kutembea, kisha saa 12 hadi 48 baadaye huanguka kwa uchovu, maumivu na akili kuzibika. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu uliacha kabisa mpango wa kuongeza mazoezi kwa ratiba maalumu. Swali la "kesho yake ulikuwaje?" liwe kwenye fomu kabla ya kuongeza dakika hata moja.

Tusiuze mandhari kama muujiza, vilevile. Utafiti maarufu wa mwaka 1984, ulioonyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji wa nyongo waliotazama miti dirishani walitoka hospitali mapema kidogo kuliko waliotazama ukuta, ulikuwa wa watu 46 katika hospitali moja. Unanukuliwa kuliko unavyostahili. Miti inamfanya mtu apende kutoka nje tena kesho, na hiyo kwetu inatosha.

Mwezi Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuingiza utengamao katika mifumo ya afya. Kwa hapa tunaomba yafuatayo yaanze mwaka huu wa fedha. Ukurasa mmoja wa matembezi katika karatasi ya kuruhusiwa, ulio na sahihi ya aliyeuandika. Mita 30 zilizopigwa alama ya rangi katika kila hospitali ya wilaya. Mkalimani wa simu. Nauli kwa anayeishi mbali, kwani wengi huacha utengamao kwa kukosa nauli kabla hata ya kukosa moyo. Na jina la mtumishi mmoja katika zahanati ya karibu atakayempigia mgonjwa siku ya 7 na ya 21.

Tunaomba pia kusiwe na matembezi ya uzinduzi yenye fulana na bendi. Fedha za fulana zinunue viti vya njiani, na taarifa itakayoletwa mezani kwako ihesabu mita walizoongeza wagonjwa, pamoja na majina ya vituo ambako hazikuongezeka.

Wako katika utumishi,
Wahudumu wa utengamao