Kikao cha kujiandaa na mvua, Jumamosi

Asalaam aleikum majirani, poleni na majukumu.

Tukutane Jumamosi hii saa 10 jioni, ofisi ya mtaa hapa Mtanda. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kaya, mwisho Ijumaa, kwa mweka hazina. Tunanunua viroba vya mchanga, kamba na tochi.

Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024: barabara ya Dar ilikatika Somanga. Kwa hiyo tafadhali:
1. Kagueni mabati. Msumari uliolegea ndipo upepo unapoanzia.
2. Zibueni mitaro.
3. Vyeti na dawa viwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Wenye wazee au wagonjwa, tupange kabisa nani atawabeba. Hili linanikosesha usingizi.

Andika NIPO na idadi ya watu nyumbani kwako, kabla ya Alhamisi usiku.