Malalamiko kuhusu kipimo cha korona kilichochukua siku 8

Kwa Meneja wa Maabara,
Mombasa.

22 Juni 2020

Bwana Meneja,

Kwa heshima, nalalamikia namna mlivyopokea shilingi 8,000 zangu tarehe 10 Juni ilhali mlijua fika kwamba vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimewaishia. Ahadi ya majibu ndani ya saa 48 mmeibandika wenyewe ukutani. Mimi nilipewa yangu tarehe 18.

Jumatatu tarehe 15, nilipokuja kwa mara ya tatu, mhudumu wenu wa dirishani hakuitikia hata salamu. Aliisukuma risiti yangu kwa ncha ya kalamu hadi ikaanguka sakafuni, akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Nyinyi madereva ndio mnaotuletea ugonjwa. Simama kule!" Nikainama, nikaiokota, nikaenda kusimama juani kando ya jenereta, mtu mzima mwenye wajukuu.

Siwalaumu kwa uhaba wenyewe. Vitendanishi vinatoka ng'ambo na dunia nzima inavigombania, hilo hata sisi wa barabarani tunalijua. Lakini kijana wenu wa maabara aliniambia kwamba viliisha tarehe 8, siku mbili kabla hamjanitia kijiti puani, na katika siku zote hizo dirisha la malipo halikufungwa hata saa moja. Mlikuwa mkiuza nini?

Cheti cha kipimo cha kuvukia mpaka ni cha siku 14, nanyi mmezihesabu tangu siku ya kuchukua sampuli, kwa hiyo nilikabidhiwa kikiwa kimebakiwa na siku 6. Trela ya mafuta ya kupikia ilikuwa imelala Miritini, na mwenye mali akinipigia simu kila adhuhuri. Kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, ni zaidi ya kilomita 900. Barua hii naiandikia kwenye foleni ya Malaba, na cheti chenu kinakwisha keshokutwa.

Narudia la dirishani kwa sababu halinitoki. Hakuigusa risiti kwa kidole, aliisukuma kwa kalamu, na ilipoanguka alinitazama nikiinama mpaka nikainuka, kisha akamwita aliye nyuma yangu kwa sauti ya upole kabisa. Kumbe upole anao.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai shilingi 8,000 tu. Sasa nadai pia ada ya maegesho ya tangu tarehe 12 hadi 18, kipimo kingine bila malipo, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako mwenyewe, wala si ujumbe wa simu. Nisipojibiwa ndani ya siku 7, nitawashtaki kwa bodi inayosajili maabara na kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na madereva wenzangu walio na risiti kama yangu nitawaita mashahidi.

Risiti nimeiambatisha. Vumbi lililo juu yake ni la sakafu yenu.

Wako,
Dereva wa trela, njia ya Mombasa hadi Kampala