Diski hizo msizitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala yenu iliyowashauri wasomaji waondoe nyumbani vitu vilivyopitwa na wakati. Mwandishi alizitaja seti za DVD za tamthilia za kubuni za kisayansi, akasema wanaozikusanya wanajaza kabati bure kwa kuwa kila kitu sasa kiko mtandaoni. Mimi ni mmoja wa wakusanyaji hao, na ushauri ule umenisikitisha.

Tamthilia hizi zimeshawahi kutupwa, tena na wenyewe. Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa kupita nyakati, ilianza kurushwa na BBC Novemba 1963. Katika miaka ya 1960 na 1970 shirika hilo lilifuta kanda zake ili zitumike tena, na nakala nyingi za filamu zikatupwa. Mpaka leo vipindi zaidi ya 90 havina picha. Sauti zake, hata hivyo, zipo zote, kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani kwao vilipokuwa vikionyeshwa. Sauti hizo ndizo zilizotumika mwaka 2006, vipindi viwili vilivyopotea vya hadithi ya The Invasion vilipochorwa upya kwa katuni na kutolewa kwenye DVD. Na vile vipindi 9 vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilikutwa Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Kama huko nako wangefanya usafi kwa bidii, tusingekuwa navyo.

Kuhusu huo mtandao, tamthilia ya Westworld iliondolewa Desemba 2022 kwenye HBO Max, huduma ya kutazama mtandaoni ya kituo cha Marekani cha HBO, na ni HBO hao hao walioitengeneza. Mwenye diski hakuhitaji kumuuliza mtu.

Kisha kuna Firefly, tamthilia ya Marekani ya wasafiri wa anga. Mwaka 2002 kituo cha Fox kiliionyesha kwa mpangilio uliovurugika: kipindi cha kwanza, kinachowatambulisha wahusika wote, kilirushwa mwisho kabisa, na vitatu kati ya 14 havikuonyeshwa. Seti ya DVD ilipotoka mwaka 2003, vipindi vyote vilikuwemo kwa mpangilio wake. Watu waliinunua kwa wingi, na mauzo hayo yakasaidia kuzaliwa kwa filamu ya Serenity, iliyoendeleza hadithi hiyo, mwaka 2005. Seti yangu ina sauti za watengenezaji zinazosikika picha zikiendelea, wakieleza tukio moja baada ya jingine walivyofanya kazi. Hayo ni masomo ya uongozaji ambayo wengine hulipia karo.

Makala iliwagusa pia wanaosafiri kwenda kuona studio na mandhari za kuigizia, kana kwamba ni watu wasiojua kutofautisha maigizo na maisha. Nimefika Ticonderoga, jimbo la New York, ambako James Cawley, shabiki aliyepata nakala za michoro ya awali, amejenga upya vyumba vya Enterprise, chombo cha anga cha tamthilia ya Star Trek ya mwaka 1966. Chumba cha injini ndicho kilichonishika. Kwenye televisheni mabomba nyuma ya wavu huonekana yanakwenda mbali sana. Ukisimama pale unaona ni mafupi, yamefanywa membamba kadiri yanavyorudi nyuma ili jicho lidanganyike. Fundi seremala na fundi wa rangi walikutengenezea masafa ambayo studio haikuwa na nafasi nayo. Washington nako, katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian, kipo kielelezo halisi cha Enterprise kilichotumika kupigia picha, chenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Zunguka upande wake wa kushoto: haukukamilishwa, kwa kuwa nyaya za taa ziliingilia huko na kamera ilipiga upande wa kulia. Mtu akishaona hivyo humheshimu zaidi aliyefanya kazi ile, na akirudi kuitazama tamthilia anaona mikono ya watu ndani yake.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mchapishe ushauri mwingine. Anayetaka kupunguza vitu nyumbani aziulize kwanza maktaba na vikundi vya mashabiki. Na ndugu wanaogawa vitu vya marehemu wasikimbilie jalalani kabla hawajatazama kilichomo, hasa zile kanda za zamani zilizorekodiwa nyumbani na kuandikwa kwa kalamu ubavuni. Hizo hazina nakala dukani.

Wenu,
Msomaji na mkusanyaji